Motokari gani inarudisha feza yako siku ya kuiuza? Hesabu za Lubumbashi

#1 Baba wa Bel-Air

Jambo yenu wote.

Wiki iliyopita kijana wa jirani alinijia na picha kwenye simu. Motokari ya fahari ya Ulaya, nyeusi, viti vya ngozi, paa la kioo, ya mwaka 2012, bei dola 9,000. Miaka minne amekuwa akivusha unga wa mahindi kutoka Zambia, anaweka franga juu ya franga. Alitaka nimwambie tu kwamba ni nzuri. Nikamuuliza: mwezi wa tatu mama yako akilazwa hospitali, ni nani katika Lubumbashi hii atakupa hata 6,000 kwa motokari hiyo ndani ya wiki moja? Hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kwetu motokari ndiyo akiba. Ndiyo tunayouza mtoto akipokelewa chuo kikuu, msiba ukiingia, mkataba wa mgodini ukikatika. Kwa hiyo bei ya kuuza inapigiwa hesabu siku ya kununua. Nimekuwa nikinunua na kuuza tangu 2006, na ninaandika niliyoyaona ili vijana wasichome jasho lao.

Anza na hili. Bei ya motokari kuukuu hapa haifuati umri wake peke yake. Inafuata gharama ya kuleta nyingine ya aina ileile. Japani wenyewe wanaachia motokari mapema kwa sababu ya ukaguzi wa lazima wanaouita shaken: ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ni gharama kubwa. Basi inauzwa kwa mnada, inapanda meli mpaka Dar es Salaam, inakula karibu kilomita 2,000 za lami kupitia Tunduma na Nakonde, inakatiza Zambia, inalala mpakani Kasumbalesa, inalipiwa ushuru kwa watu wa forodha, DGDA, ndipo inatafutiwa plaki, yaani namba za usajili. Kitu chochote kikipanda njiani, iwe meli, mazuti (dizeli) au ushuru, motokari iliyokwisha kupata plaki inapanda nayo ikiwa imesimama tu uani kwako.

Sasa angalia tofauti. Toyota IST na motokari ya kifahari zinapita njia moja. Kwenye IST, sehemu kubwa ya bei uliyolipa ni safari na ushuru, na sehemu hiyo haifi, kwa sababu atakayetaka nyingine lazima ailipe tena. Kwenye ile ya kifahari, sehemu kubwa ya bei ni sifa: upya, kompyuta, ngozi. Hiyo ndiyo inayoyeyuka. Miaka mitatu ikipita, aliyenunua sifa amebaki na chuma.

Jambo la pili ni piyesi, yaani vipuri. Injini ya IST ya lita 1.5, ile 1NZ-FE, ndiyo iliyo pia ndani ya Vitz za lita 1.5, Probox nyingi, Raum na Spacio za kizazi cha pili, na Premio na Allion za injini ndogo. Maana yake kila motokari inayokufa pale mitaa yetu ya Katuba au Kenya inaacha urithi kwa zilizo hai. Altaneta, pampu ya maji, hata injini nzima, utaipata kabla jua halijazama. Mnunuzi anajua hilo hata kama hajui jina la injini. Anajua kwamba dereva wa taksi wa mtaani kwao haombi mtu wa Dubai amtumie kipande.

Tatu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo hapa kwetu watu wanaiheshimu kama shamba. Ilianza 1984 na mpaka leo inatengenezwa. Pikapu yake, inayoitwa 79, ilitoka 1999. Ile yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo (turbo) wala kompyuta. Pampu yake ya mazuti ni ya chuma kitupu, inaelewa mazuti ya dumu na inaelewa vumbi la Kasenga. Na kuna sababu nyingine ambayo watu hawaitaji: sura yake imeguswa mara chache mno. Motokari nyingine inazeeka siku kiwanda kinapoleta sura mpya. Ya mwaka 2008 na ya 2018 za mfululizo wa 70, mtu wa mbali hazitofautishi. Hakuna kitu kinachokuja kuiaibisha.

Hilux inafuata nyuma yake. Inahifadhi bei vizuri, ila kila kizazi kipya kinamshusha mkubwa wake ngazi moja.

Kabla hamjaniuliza: sisemi kila mtu anunue 79. Ukitoka Bel-Air kwenda mjini na kurudi, 1HZ itakunywea mazuti na feza yako nyingi italala ndani ya chuma. Ninasema ujue unachokinunua kitahitajiwa na nani kesho.

Leteni yenu, hasa watu wa malori, maana huko mimi ni mgeni.

#2 Fundi Kamalondo

Mzee, asante. Nitaongeza upande wa garaji.

79 nyingi zinazouzwa huku zimetoka migodini, na watu wanaziogopa wote sawasawa au wanazipenda wote sawasawa. Hazilingani. Tazama paa: matundu yaliyozibwa ni ya taa ya rangi ya machungwa. Tazama sanduku la nyuma: matundu manne makubwa ya bolti ni ya kizimba cha kulinda watu motokari ikipinduka. Hayo hayana ubaya, yanakuambia tu ilikotoka. Ubaya uko chini. Shaba na kobalti zinaoshwa kwa asidi ya salfuri, na motokari iliyokuwa ikizunguka karibu na matangi hayo inaliwa kutoka chini kwenda juu. Lala chini, gonga shasi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma ya gurudumu la nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kama mbao.

Pili, 1HZ ina mkanda wa taiming, si mnyororo. Desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukiubadilisha, hifadhi risiti na uandike tarehe kwa wino juu ya kifuniko chake. Nimeona motokari mbili za mwaka mmoja, rangi moja, moja imeuzwa kwa dola 1,500 zaidi kwa sababu ya karatasi hiyo tu. Mnunuzi alikuwa na fundi wake, fundi akaona tarehe, akanyamaza. Fundi akinyamaza, umeuza.

Tatu, acheni kupaka rangi upya kabla ya kuuza! Mnatupa kazi, sawa, lakini mnajidhuru. Mtu wa Lubumbashi akiona rangi inayong'aa kuliko umri wa motokari, anauliza iligonga nini. Rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo inaaminika kuliko mpya isiyo na doa.

#3 Mama Taksi Katuba

Papa Bel-Air, jambo. Mimi nina taksi, si mtu wa garaji, lakini nitatoa namba zangu.

2021 nilinunua IST, dola 6,300 pamoja na plaki. Ikafanya kazi miaka mitatu, siku sita kwa wiki, madereva wawili waliofuatana. 2024 nikaiuza 5,000, na mnunuzi wa kwanza ndiye aliyechukua. Nilipoteza 1,300 na nilikwisha kula humo mara nyingi.

Wakati uleule nilikuwa na nyingine, ya chapa ambayo mjini hapa zilikuwa chache sana, sitaitaja. Niliinunua 5,500, nikijiona mjanja kwa kuwa ilikuwa na nafasi na ubaridi wa kweli ndani. Giaboksi ikashika ugonjwa. Wiki saba imesimama uani nikisubiri kipande kimoja, na dereva anakuja kila asubuhi kuniuliza. Mwishowe nikaiuza 2,000 kwa mtu aliyetaka kuifungua avitoe vipande. Ndiyo maana maneno ya Papa kuhusu urithi yamenigusa: ile yangu haikuwa na ndugu wa kuirithisha wala wa kurithi kutoka kwake.

Dada zangu mnaofikiria taksi, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ninaandika kila mafuta ya injini, kila breki, siku na kilomita. Aliyenunua IST yangu alikaa chini ya mwembe akalisoma daftari lile dakika ishirini kabla hajaigusa motokari.

#4 Baba wa Bel-Air

Mama, hilo la mwisho ningependa kila mtu alisome mara mbili. Watu wanatafuta komisionere, yaani dalali, mwenye mdomo mtamu, na kumbe daftari la kurasa mia moja lingesema vizuri zaidi na lisiombe asilimia.

#5 Dereva wa Kasumbalesa

Mzee kaita watu wa malori, nimefika. Miaka 17 barabarani, sasa nina kichwa kimoja cha lori kilicho changu na trela.

Mara nyingi mtu anasema usukani wa kuume unaua bei. Kwa motokari ndogo ni kweli. Huku tunapita upande wa kuume wa barabara, na ukiwa na usukani kuume, kulipita lori kwenye njia ya Likasi ni lazima mwenzako akuchungulilie. Kampuni nyingi za migodi hazitaki kuziona. Kwa hiyo usukani wa kushoto wenye hali sawa unauzwa juu, na unauzwa haraka.

Lakini lori la safari ndefu lina hesabu yake. Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Baada ya hapo ni Zambia, na kutoka Zambia utakwenda Tanzania, Zimbabwe, Botswana au Afrika Kusini. Wote hao wanapita kushoto! Lori linalobeba shaba kwenda Durban au Dar linaishi karibu maisha yake yote kwenye nchi za usukani wa kuume. Ndiyo maana Freightliner Argosy zilizotoka Afrika Kusini zinapata mnunuzi Kasumbalesa, Chingola na Kitwe, na huhitaji kumbembeleza mtu. Soko lako ni korido nzima, si mji mmoja. Ukiuza kichwa cha lori, kitangaze ng'ambo ya mpaka pia.

Kuhusu Actros, Scania na Volvo za Ulaya: uliza mwaka na kiwango cha moshi kabla ya kuuliza bei. Nyingi za Euro 5 zinataka maji ya AdBlue, yale ya kusafisha moshi. Yakikosekana, kompyuta inaipunguzia injini nguvu, na kupanda mlima na tani 30 ukiwa na nusu ya nguvu ni mateso. Watu wanawapa mafundi wa laptopu waizime mifumo hiyo. Inatembea, ndiyo, lakini siku ya kuuza mnunuzi anauliza "nani aliigusa kompyuta?" na bei inaanza kuteremka hapohapo. Euro 3 ya zamani yenye afya mara nyingi inauzwa haraka kuliko mdogo wake aliyefunguliwa kichwa.

HOWO na Shacman, malori ya Kichina, nazisikia zikitukanwa. Nisikilizeni. Mpya inaanguka sana miaka miwili mitatu ya mwanzo, hilo halifichiki. Baada ya hapo inagusa sakafu na kusimama, kwa sababu ileile Mzee aliyoitaja ya IST. Injini ya WD615 iliyozaa zile za HOWO 371 asili yake ni Steyr ya Austria, na za Shacman nyingi ni za ukoo huohuo, kwa hiyo piyesi kadhaa zinaingiliana na zimejaa kila mahali toka hapa mpaka Kolwezi. Aliyenunua mpya ameumia. Aliyenunua ya miaka minne akaitunza, anaiuza karibu na alipoikuta.

Tipa ni habari nyingine kabisa. Usisome kilomita za tipa ya mgodini. Inapakiwa, inatembea kilomita sita, inamwaga, inarudi, usiku na mchana. Kilomita ni chache na injini imechoka. Uliza saa za kazi. Chungulia shasi nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi: ukiona bamba la chuma limechomelewa juu ya bamba, ilibeba kuliko uwezo wake. Na hesabu tairi. Kichwa chenye ekseli mbili nyuma, tairi mbili-mbili kila upande, kina tairi 10, trela ya ekseli tatu 12, jumla 22. Zikiwa zimekwisha, umenunua deni. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanakupa bei nzuri hivyo.

#6 Kijana wa Kolwezi

Wazee wangu, shikamooni. Niko Kolwezi, na huku bei ya pikapu inatembea na kobalti. Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje tarehe 22 Februari 2025, kisha kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaja na mgawo wa tani kwa kila kampuni. Wenye mikataba midogo, wale wa kupeleka wafanyakazi na chakula, wengi walianza kuhema. Kwenye barabara yetu tu niliona Hilux nne zenye karatasi ya "à vendre" (inauzwa) kwenye kioo ndani ya mwezi mmoja. Wakati huohuo ndugu yangu ana Probox ya kubebea mikate, wala hakuna kilichobadilika kwake.

Swali langu: ni wakati wa kununua au wa kukimbia?

#7 Baba wa Bel-Air

Mdogo wangu, marahaba. Umesema jambo nililosahau mimi mwenyewe.

Mwisho wa 2008 shaba ilipoanguka, viwanda vidogo vya kuyeyusha madini vilifungwa hapa Katanga, wenye navyo wengine wakaondoka bila kuaga. Pikapu zikajaa mjini kama embe za Desemba. Rafiki yangu alikuwa na 79 mbili na mkopo. Aliuza zote mbili ndani ya wiki tatu, kwa hofu, kwa bei ambayo mpaka leo haitaji mbele ya mke wake. Aliyezinunua alikuwa na duka la sementi, hakuwa na haraka. Alizifunika turubai. 2010 mikataba iliporudi, alizitoa.

Kwa hiyo jibu langu: kama feza ni yako, si ya mkopo, na kazi yako haitegemei mgodi uleule, ni wakati wa kuangalia kwa makini. Kama mshahara wako na motokari yako vyote vinakula kwenye sahani moja ya kobalti, usiongeze pikapu. Siku mbaya itavigonga vyote pamoja. Probox ya mikate haina bosi mmoja, ina wateja mia.

Niongeze la karatasi, maana fundi na dereva wamelipita. Nimeona 79 nzima, isiyo na kutu, inashindwa kuuzwa miezi minane kwa sababu karte rozi, yaani kadi ya usajili, ilikuwa kwa jina la mtu aliyefariki na warithi walikuwa hawaelewani. Kabla ya kutoa feza, dai karatasi za ushuru zenye namba ya shasi, soma namba hiyo kwenye chuma chenyewe kwa macho yako, na hakikisha kuna hati ya mauzo kutoka kila mkono uliopita mpaka wako. Kisha hamisha jina mara moja. Wengi wetu tunatembea miaka na jina la mwenye zamani ili tusilipie. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili anakukata zaidi ya ulichookoa, na ana haki.

#8 Neema wa Rwashi

Papa na mafundi, mimi nimechelewa kuusoma uzi. Mume wangu amepata Noah ya 2003, bei ya chini mno kuliko nyingine. Muuzaji anasema ni D-4 na anasema kama sifa. Ni sifa?

#9 Fundi Kamalondo

Mama Neema, ndiyo sababu ya bei hiyo. D-4 ya miaka ile ni injini ya esansi (petroli) inayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Kwa esansi safi na huduma ya wakati ni injini nzuri. Lakini njia ya hewa inajaa masizi, na pampu ile haipendi uchafu. Esansi yetu ya chupa barabarani unaijua. Bei yake imekwisha kuanguka kabla hamjainunua, na mtakapoiuza itakuwa chini zaidi, maana mnunuzi wenu atauliza swali hilihili.

Mkihitaji nafasi ya watu wanane na mnataka kurudisha feza, tafuteni Hiace ya dizeli ya zamani, yenye injini inayoitwa 3L au 5L. Haina raha, inapiga kelele, lakini taksibasi zote zinaililia.

#10 Neema wa Rwashi

Asante sana fundi. Ipo moja nyuma ya soko la Rwashi, 5L, mwenye nayo anasema haijawahi kufunguliwa injini. Unaweza kuja kutuangalizia?

#11 Fundi Kamalondo

Nitakuja Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwambieni mwenye nayo asiiwashe kabla sijafika, maana injini iliyokwisha kupata moto inaficha ugonjwa. Nitaweka mkono juu ya injini kwanza. Nikiikuta ina moto, tutarudi nyumbani bila kuangalia kitu kingine.